KALAMU YA TANA: Ngao ya Mwingereza na Siwa ya Pate

Kijana mmoja wa hapa petu, aliyemaliza shule mwaka huu, ameniletea swali ambalo naona lafaa kujibiwa mbele ya watu wote. Asema ya kuwa alisoma habari za jamaa moja ya waungwana wa Uingereza, ambao waweza kutaja babu zao tangu miaka mia sita na zaidi, tena wana alama yao iliyochorwa juu ya ngao, nao huitia juu ya milango, sahani, pete na makaburi yao. Ndipo akauliza: "Je, sisi tulikuwa na kitu kama hicho, au babu zetu walipita duniani kama upepo wa nyikani?"

Swali ni zuri, ingawa maneno yake ya mwisho yanauma. Kwanza nitaeleza desturi ya Waingereza ilivyo, kisha tutashuka pwani mpaka Pate na Witu, na mwisho tutarudi mtoni kwetu.

NGAO ILIVYOANZA

Katika karne ya kumi na mbili, askari wapanda farasi wa Ulaya walikuwa wakivaa chuma mwili mzima, hata nyuso zao zikafunikwa. Vitani hakuna aliyeweza kumtambua ndugu wala adui. Kwa hiyo kila bwana alichora alama juu ya ngao yake: huyu simba, yule msalaba, mwingine mshipi wa rangi. Baba alipokufa, mwana aliichukua ngao pamoja na alama yake, na hivyo alama ya mtu mmoja ikawa ya uzao wake.

Mwaka 1484 Mfalme Richard wa Tatu aliwapa hati wale wasimamizi wa alama hizo, na chama chao, kiitwacho College of Arms, kipo London hata leo. Kati ya mwaka 1530 na 1688 wasimamizi hao walikuwa wakisafiri katika majimbo ya Uingereza, wakiwaita wote waliojiita waungwana waje na hati zao na orodha ya baba zao. Aliyethibitisha aliandikwa daftarini. Aliyeshindwa alitangazwa hadharani ya kuwa si muungwana, tena hana haki ya alama. Hebu fikiri, ndugu msomaji, aibu ya mtu kusomwa jina lake namna hiyo mbele ya jirani zake!

Ngao hizo si mapambo matupu, bali ni daftari la jamaa lililoandikwa kwa picha. Mwana wa kwanza, baba yake akiwa hai, huongeza alama ndogo juu ya ngao. Mwana wa pili hutia mwezi mwandamo, na wa tatu hutia nyota. Mtu akioa binti wa jamaa yenye ngao, huweka ngao ya mkewe kando ya yake. Na ikiwa binti huyo hana ndugu wa kiume, basi watoto wake huigawa ngao yao mafungu, wakaonyesha alama za baba na za mama pamoja. Ajuaye kusoma ngao aweza kujua ndoa na urithi wa vizazi vingi pasipo kusoma neno hata moja.

Tena yafaa tuliondoe kosa moja ambalo watu wengi hulikosa. Alama si ya jina, bali ni ya uzao. Watu wawili waweza kuitwa jina moja, mmoja akawa na haki ya ngao, na mwingine asiwe nayo kabisa.

KESI YA MSHIPI WA DHAHABU

Mwaka 1385 Mfalme Richard wa Pili alikwenda kupigana na Waskoti. Katika jeshi lake mabwana wawili, Sir Richard Scrope na Sir Robert Grosvenor, waliona ya kuwa wamechukua alama moja: ngao ya buluu yenye mshipi wa dhahabu uliolala mshazari. Scrope alishtaki. Kesi ilichukua miaka, na mashahidi walioitwa walikuwa mamia. Mmoja wao alikuwa Geoffrey Chaucer, yule mshairi mashuhuri, aliyetoa ushahidi wake mwaka 1386. Mashahidi waliulizwa maneno kama yale yaulizwayo barazani kwetu katika kesi ya shamba: Uliiona wapi alama hii? Nani aliichukua? Wazee wako walikuambia nini?

Mwaka 1389 Scrope alishinda. Grosvenor aliambiwa aweza kuendelea kutumia alama ile akiizungushia ukingo wa fedha. Alikata rufani, na mwaka 1390 Mfalme akakata shauri ya kuwa hata hivyo haifai. Basi Grosvenor akachagua alama nyingine, mganda wa ngano wa dhahabu. Jamaa ya Grosvenor baadaye ikatajirika kwa ardhi ya London, na mwaka 1874 mkubwa wao akafanywa Duke wa Westminster. Mganda ule ungali katika alama yao. Lakini je, walisahau? Mwaka 1880 farasi wa Duke huyo alishinda mashindano makubwa ya Derby, na jina la farasi lilikuwa Bend Or, maana yake ule mshipi wa dhahabu walionyang'anywa barazani miaka karibu mia tano nyuma!

Wala tusidhani ya kuwa alama hizo zilikuwa za mabwana wa kale tu. Mwaka 1596 John Shakespeare, fundi wa glavu wa mji wa Stratford, alipewa ngao yenye mkuki, naye ndiye baba wa William Shakespeare. Mwaka 1602 msimamizi mmoja wa alama, Ralph Brooke, alinung'unika ya kuwa watu wasiostahili wamegawiwa ngao, akamtaja Shakespeare kuwa ni mcheza michezo tu. Leo walimwengu wote wamjua Shakespeare, na Brooke hukumbukwa zaidi kwa manung'uniko yake.

SIWA YA PATE

Sasa tushuke pwani. Katika kisiwa cha Pate walitawala Wanabahani, jamaa waliojihesabu kuwa wa uzao wa wafalme wa Oman. Habari za Pate, zilizohifadhiwa na watu wa jamaa hiyo na kusimuliwa na Bwana Kitini mwanzoni mwa karne ya ishirini, zasema ya kuwa Sulaiman bin Sulaiman alifika Pate yapata mwaka 1203, akamwoa binti wa mtawala wa Wabatawi, watu wa mji ule, na kwa ndoa hiyo akapata utawala. Tangu hapo hutajwa Sultani mmoja baada ya mwingine, fulani bin fulani, pamoja na vita vyao na ndoa zao.

Wanabahani hawakuchora ngao. Alama yao ilikuwa siwa, yaani baragumu kubwa la kupulizwa ubavuni. Siwa haikupulizwa ovyo. Ililia katika mambo makubwa ya nyumba za enzi, kama harusi na tohara, na asiye wa nyumba hizo hakuwa na haki nayo. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu iliyonakshiwa, ndefu kupita kimo cha mtu. Siwa ya Lamu ni ya shaba. Zote mbili zimehifadhiwa Lamu, na kila mwenye nafasi ya kusafiri na azione.

Nasi tuna kesi yetu kama ile ya Scrope na Grosvenor. Habari za Pate zasimulia ya kuwa bibi mmoja wa nyumba kubwa, Mwana Darini, alitaka kumfanyia mwanawe sherehe ya tohara. Alipeleka kwa Sultani kuomba siwa, akanyimwa. Wengi wangaliinamisha kichwa. Mwana Darini hakuinamisha. Alimwita fundi, akamwagiza atengeneze siwa nyingine ya pembe ya ndovu, na sherehe ya mwanawe ikafanywa kwa heshima yote. Waona, msomaji? Uingereza mtu aliyenyimwa alama alichukua mganda wa ngano, na Pate mama aliyenyimwa siwa alichongesha yake. Tena ile iliyozaliwa kwa kunyimwa ndiyo yatazamwa na wageni wa ulimwengu hata leo.

Mambo ya Wanabahani yalikwenda juu yakashuka. Baada ya Pate kushindwa na Lamu katika vita vya Shela, yapata mwaka 1812, nguvu zao zilipungua. Ahmad, aliyeitwa Simba, alivuka bara akaweka mji Witu, karibu na mlango wa Tana yetu. Mwaka 1885 alifanya mapatano na Wajerumani, na mwaka 1890 Wajerumani wakawaachia Waingereza nchi hiyo. Mwezi Septemba mwaka huo Wajerumani kadhaa waliuawa Witu, na mwezi Oktoba manowari za Waingereza zikashusha jeshi, likauchoma mji. Sultani Fumo Bakari alikimbia, akafa mwaka uliofuata. Wazee husema ya kuwa kitabu cha asili cha habari za Pate kiliteketea katika moto huo, na yaliyobaki ni yale yaliyokuwa vichwani mwa watu.

Jina halikupotea hata hivyo. Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtaalamu wa lugha aliyezaliwa Matondoni, Lamu, mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alilichukua jina hilo maisha yake yote. Msomaji anaposema "runinga" atumia neno la mzee huyo. Hiyo nayo ni alama ya ukoo, tena haihitaji pembe ya ndovu.

NASABA YATAKA SHAHIDI

Lakini yafaa tuseme kweli yote. Mwaka 1969 Neville Chittick, mtaalamu wa magofu, aliandika makala akitia shaka hesabu ya habari za Pate. Kwa maoni yake Wanabahani walifika nyuma sana ya ule mwaka 1203. Wachimbaji waliomfuata waligundua ya kuwa mji wa Pate wenyewe ni wa kale kuliko alivyodhani yeye. Basi nani alishinda? Naona kila upande umepata fungu lake. Mji ni wa kale, na wasimulizi hawakuota. Lakini ukale wa mji si ushahidi wa ukale wa nasaba ya wautawalao. Jamaa iliyopata enzi hupenda kuivuta enzi hiyo nyuma mpaka mwanzo wa dunia. Waingereza ni vivyo hivyo, na ndiyo maana wasimamizi wa London walilazimika kwenda nyumba kwa nyumba wakitaka hati.

MTONI KWETU

Je, huku mtoni? Wapokomo hawakuwa na Sultani mmoja, bali walikuwa na milango yao na wazee wao. Alama yao kuu ilikuwa ngoma iitwayo Ngadji. Hiyo haikuwa ngoma ya kuchezea harusini. Iliwekwa mahali pa siri, na asiyepewa ruhusa hakuiona, ila aliisikia tu sauti yake, akajua ya kuwa wazee wamekutana. Mwaka 1902 maafisa wa serikali ya kikoloni waliichukua, na tangu mwaka 1908 imo katika British Museum, London. Wazee wa Kipokomo wameomba irudishwe. Wajukuu wa waliosikia sauti yake wamelazimika kupanda ndege ili waitazame tu.

Wafugaji nao wana yao. Wasomali huwatia ngamia chapa za koo zao, na mchungaji akimwona ngamia aliyepotea humjua mwenyewe kwa kutazama ngozi. Mtoto wao hufundishwa kuwahesabu babu zake mmoja mmoja mpaka afike kwa babu wa kabila zima. Hilo ni daftari lisiloliwa na mchwa. Hata neno letu "nembo", ambalo siku hizi twalitumia kwa alama ya shule au chama, zamani lilikuwa ni chale za kabila zilizochanjwa mwilini. Babu zetu walizichukua ngao zao juu ya ngozi zao wenyewe. Basi jibu la kwanza kwa kijana wangu ni hili: hawakupita kama upepo.

HATARI YAKE

Nasaba ni kama moto wa jikoni, wapika chakula na waweza kuteketeza nyumba. Mwaka 2012 katika Delta ya Tana, Wapokomo na Waorma walipigana, na zaidi ya watu mia moja waliuawa, wanawake na watoto wakiwamo. Ugomvi ulikuwa wa malisho, mashamba na maji, lakini katika magomvi ya namna hiyo maneno yaliyo vinywani huwa ni ya nasaba: babu zetu walitangulia, babu zenu walikuja. Scrope na Grosvenor waligombea mshipi wa rangi, wakapeleka mashahidi mbele ya hakimu. Ni afadhali mashahidi mia nne kuliko mkuki mmoja.

Tena hutumiwa kudharau. Tuna mithali isemayo, "Mwacha asili ni mtumwa." Naikubali kwa mtu aliyeiacha asili yake kwa hiari. Lakini wengi katika pwani hii hawakuiacha asili yao, bali walinyang'anywa. Kule Witu, watu wengi waliomfuata Ahmad Simba waliitwa Watoro, kwa kuwa walikuwa wametoroka utumwani katika mashamba ya pwani. Hawakuwa na orodha ya babu kumi. Walakini walifyeka msitu, wakalima na kujenga mji. Utumwa ulipofutwa kwa sheria mwaka 1907, wajukuu wao walikuwa watu huru kama wengine. Je, nasaba yao ianzie wapi? Mimi nasema ianzie kwa yule aliyevunja pingu, na wasione haya kumwandika wa kwanza. Grosvenor ana mganda wake wa ngano, nao wana jembe.

TUFANYE NINI?

Hapa Bura jambo hili latuhusu zaidi ya mahali pengi. Tangu mradi wa kumwagilia maji ulipoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, jamaa kutoka pande nyingi za Kenya wameletwa kulima pamba na mahindi kando ya wenyeji. Watoto waliozaliwa hapa wengi hawajaona makaburi ya babu zao. Mimi ni karani, na kila siku naona fomu zikiletwa mezani. Kijana humtaja baba bila kufikiri, akifika kwa babu hukwama, na akiulizwa jina la bibi mzaa mama, hutazama dari. Anayejua jibu ni mzee aliyeketi nyumbani chini ya mwembe, naye hatakaa milele.

Kwa hiyo natoa shauri. Nunua daftari moja. Wakae wazee wako, wa upande wa baba na wa mama, uandike majina yao, mahali walipozaliwa, walikohamia na sababu ya kuhama. Usiwaache wanawake, kama wasimulizi wa Pate wangaliwaacha, tusingalijua siwa ya pembe ilitoka wapi. Kando ya kila habari andika jina la aliyekuambia, ili yule ajaye aweze kupima. Pasipo na habari, acha nafasi wazi, usijaze mfalme. Kisha nakili daftari la pili, ulitie katika nyumba nyingine, usije ukapatwa na moto kama wa Witu.

Na mwenye kutaka alama, sheria haimkatazi. Mwaka 1968 Bunge letu lilipitisha sheria ya kuanzisha College of Arms ya Kenya, ambamo alama za mabaraza, shule na watu binafsi huweza kuandikishwa. Taifa lenyewe lina ngao yake tangu mwaka 1963: simba wawili wenye mikuki, na kati yao ngao yenye rangi za bendera na jogoo mwenye shoka, na chini neno Harambee. Kila mtoto wa Kenya ana haki ya ngao hiyo, awe na babu kumi anaowajua au asiwe na hata mmoja.

Tena sikiliza, kijana wangu. Mwaka huo huo wa 1963 nchi yetu ilitafuta sauti ya wimbo wa Taifa. Haikuchukuliwa katika tarumbeta za mfalme yeyote, bali katika wimbo wa mama wa Kipokomo ambembelezaye mtoto wake alale. Ngadji ingali London, lakini sauti hiyo haikuweza kutiwa katika sanduku. Wakati wote wimbo uimbwapo, mawaziri na majemadari husimama wima kwa heshima ya mama mmoja wa mto Tana ambaye jina lake hakuna aliyeliandika. Nenda ukaandike la wako angali hai.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mafuriko ya mto na namna wazee walivyoyajua kabla hayajafika. Kwa herini.